Umeme wa kuzungusha kwa mkono kuwasha taa: tupeane uzoefu

Wakuu wa Kanda ya Ziwa, habari. Mnaozungusha mota kwa mkono kuwasha taa, mwageni vipimo hapa: mota gani, wati ngapi, nini huharibika.

Fundi Igoma: Kosa kubwa ni mwendo. Mota ya sumaku ya volti 24, mizunguko 2,750 kwa dakika, ukiizungusha mara 60 kwa dakika inatoa nusu volti tu. Pindua baiskeli matairi juu, vua tairi la nyuma, pitisha mkanda wa tyubu kwenye rimu mpaka puli ya mota. Gia ya mbele meno 44, ya nyuma 18, rimu sentimita 60, puli 6: jumla mota inazunguka karibu mara 24 kwa kila mzunguko wa pedeli. Pedeli ikienda 70 kwa dakika, mota inafika kama 1,700 na mita ya umeme inasoma volti 14 hadi 15 bila mzigo, yaani taa hazijaunganishwa. Ukiwasha taa zinashuka, na pedeli inakuwa nzito mkononi. Ikiwa nzito kama jiwe na taa haiwaki, nyaya zimegusana. Ikiwa nzito hata ukichomoa waya, angalia beringi, au umekaza mkanda mno.

Dinamo Kuukuu: Kwa taa moja, mambo ya mota ya nini? Dinamo ya baiskeli ya volti 6 wati 3 inatosha, na hapo tairi libaki maana ndilo linaloizungusha. Umeme wake unageuka mbele na nyuma, kwa hiyo LED itapepesa. Weka diodi nne (zinapitisha umeme upande mmoja tu), kisha kapasita ya maikrofaradi 1,000 inayotunza umeme kidogo ili taa itulie. Kapasita iwe ya volti 50. Ile ya 16 inapasuka taa ikichomoka huku mkono bado unakimbia.

Mama Dagaa: Wavuvi msidanganyike. Betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 7, ni wati-saa 84. Mkono wa mtu mzima ni wati 20 hivi, tena kwa kupumzika. Hesabu zaidi ya saa nne kuijaza! Taa za dagaa za usiku wa giza waachie sola. Umeme huu wa mkono ni wa kambini: dakika 10 za kuzungusha zinakupa karibu saa moja ya taa ya wati 3, mtu akashona nyavu.

Fundi Igoma: Sawa kabisa, mama. Ila kati ya mota na betri lazima diodi ya ampea 5 au zaidi, la sivyo ukiachia pedeli betri inaigeuza mota feni.

Kisiwani: Ukiiweka mashine karibu na maji, mkanda ukilowa unateleza: volti zinaruka ruka. Futa rimu kwa kitambaa kikavu, usipake grisi. Taa ikififia ingawa mkanda umeshika, fungua mota utazame kaboni, vile vipande viwili vinavyosugua ndani na kupitisha umeme. Vikibaki vifupi, badilisha vyote viwili pamoja.