Akina mama wa ufuoni ni walimu wetu au ni somo letu? Swali kuhusu kozi ya pamoja na chuo cha Marekani

MwalimuWaZiwa (Kisumu)

Wanajukwaa, nawasalimu. Ninafundisha somo la jinsia na maendeleo katika chuo kikuu kimoja huku Nyanza. Kwa miaka miwili sasa tumekuwa na kozi ya pamoja na chuo kimoja cha Marekani, ambapo wanafunzi wa pande zote mbili hufanya kazi kwa majuma matatu na kikundi cha akina mama wachuuzi wa omena (dagaa wa Ziwa Victoria) katika ufuo mmoja karibu na Kisumu. Mchana husaidia kupanga hesabu za chama, kutengeneza vichanja vya kuanikia omena na kuandaa maombi ya mikopo. Jioni hukutana kuyatafakari waliyoyaona. Ufundishaji wenyewe ni wa mkabala wa kifeministi: tunaketi kwa duara, mwalimu hahodhi mazungumzo, na kila mtu, wakiwemo akina mama tunaowaalika, huombwa aanze na maisha yake mwenyewe kabla ya kugusa nadharia.

Kazi ya mchana haina shida kubwa. Duara ndilo lililonitatiza. Mwezi wa Juni mwaka huu mwanafunzi mmoja mgeni alieleza, huku akilia, jinsi alivyonyanyaswa na mwajiri wake, kisha akawageukia akina mama na kuwaomba nao waeleze habari za jaboya, yaani ule utaratibu wa mchuuzi kulazimika kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mvuvi ili auziwe samaki. Kimya kikatanda. Mwishowe mama mmoja wa makamo akasema kwa Kidholuo kwamba amesikia maswali mengi tangu tufike, lakini hajasikia hata mmoja akiuliza bei ya omena. Katika shajara zao wageni kadhaa waliandika kwamba wanawake wale bado hawajapata sauti. Wanafunzi wetu walikasirika, ila kwa kunong'onezana, kwa kuwa shajara hizo hubeba sehemu kubwa ya alama.

Nisingependa kuutupa mkabala huu, kwa maana mimi mwenyewe nilisoma katika madarasa ambayo msichana alizungumza tu alipoulizwa. Naomba ushauri wa walioendesha kozi za namna hii: je, duara livunjwe, au kuna namna ya kuliendesha bila kuwageuza akina mama kuwa malighafi ya alama za watoto wetu?

MkaziWaNjoro

Mwalimu, mjadala huu haukuletwa na wageni, na una umri mkubwa hapa kwetu. Mwaka 1977 Achola Pala, mwanaanthropolojia Mkenya aliyetafiti uhusiano wa wanawake Waluo na ardhi, aliandika kwamba alifika vijijini ambako wanawake walikuwa wakiomba huduma bora za afya na vifo vya watoto wachanga vipungue, huku wao wakiletewa hojaji za uzazi wa mpango. Na kwamba wanaotaka maji ya bomba huweza kujikuta mbele ya mtafiti aliyekuja kuchunguza nani ana nguvu na nani hana ndani ya nyumba. Mama yule wa bei ya omena amelisema jambo hilo hilo, karibu nusu karne baadaye. Na ile kauli ya "hawajapata sauti" ndiyo aliyoipinga Chandra Talpade Mohanty katika miaka ya 1980, alipoonyesha jinsi maandishi mengi ya kifeministi ya Magharibi yalivyomchora mwanamke wa nchi zetu kuwa mtu mmoja yule yule kila mahali, asiye na uwezo. Hayo yote yamo katika orodha za usomaji za wageni wako, bila shaka. Kuyasoma na kuyatenda ni mambo mawili.

Upande wa kujifunza kwa kuitumikia jamii nao una msingi wake. Robert Sigmon aliuweka wazi mwaka 1979: wanaohudumiwa ndio wenye kuiongoza huduma wanayopewa. Katika kozi yetu tulilitafsiri hilo hivi: mwezi mmoja kabla ya muhula tunakwenda kwa kikundi bila mwanafunzi hata mmoja, tunauliza ni kazi gani wanaitaka na ni mambo gani hawataki kuulizwa, kisha makubaliano yanaandikwa kwa Kiswahili na kusomwa kwa sauti. Shajara yoyote inayomtaja mwanakikundi husomwa mbele yake kabla ya kusahihishwa. Mwaka mmoja kikundi kilitukatalia kabisa, na tukarudi nyumbani. Ikabidi wanafunzi waandike kuhusu kukataliwa huko, na zile ndizo insha bora nilizowahi kuzipokea.

BintiWaOmena

Nimelelewa na omena, na nimewahi kuwa mwanafunzi katika kozi inayofanana na hii, kwa hiyo ninasema kwa niaba ya pande zote mbili.

Mwalimu, umetaja Juni. Kwa kawaida uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaliane. Mnawaleta wageni katika miezi ambayo mama hana mzigo wa kuanika wala fedha za kuzungusha, na pengine karo ya muhula wa pili haijaisha kulipwa. Wageni wanamwona ameketi, wanaandika kwamba hana kazi. Hata msimu ukiwa wazi, omena huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haivuti samaki, hivyo siku za mwezi mpevu ndizo siku za mama kupumzika na kufanya vikao. Katika nyakati nyingine mashua huingia alfajiri, naye anatakiwa kununua, kuanika, kugeuza na kuanua kabla mvua haijamharibia mali. Kozi inayotaka kumsikiliza ingeanza kwa kuifuata kalenda yake.

Jambo la pili ni ukalimani. Sisi wasichana tunaojua Kidholuo ndio tuliotafsiri kutwa nzima, tukapanga viti, tukachemsha chai, kisha usiku tukaandika shajara kwa lugha yetu ya tatu, wakati wenzetu wa kiume walikuwa wameshamaliza kuandika mchana. Tulisoma wiki nzima kuhusu kazi za wanawake zisizohesabiwa, na hakuna aliyezihesabu zetu.

Kakamega_Mashariki

Naomba nitofautiane kidogo na walionitangulia, si kwa kuwa wamekosea, bali kwa kuwa ninahofia kimya kile kitaitwa "utamaduni" kisha mada ifungwe. Jaboya haikubuniwa na wageni. Wako wanawake wa ufuoni waliojipanga wakamiliki mashua zao wenyewe ili wasimbembeleze mvuvi, na waliyazungumza mambo haya waziwazi kabla ya kufika huko. Kwa hiyo ningeuliza kwanza: siku ile nani mwingine alikuwa chumbani? Kama mwenyekiti wa kamati ya ufuo au mwenye mashua alikuwapo, kimya kile kilikuwa busara ya mtu anayejua kwamba kesho atanunua samaki kwa nani.

Na duara si geni kwetu. Chama huketi hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba katika chama anayesikia shida ya mwenziwe anawajibika: atachanga, atakwenda matangani, atamlelea mtoto mama akilazwa. Shida inapotajwa mle, deni linazaliwa. Katika duara la kozi yenu mama anaitoa siri yake, msikilizaji anapata alama na kupanda ndege, na mgeni aliyelia hakuelewa kwamba machozi yake, ingawa yalikuwa ya kweli, hayakuwa malipo ya siri ya mwingine. Nisingelivunja duara. Ningewauliza akina mama kila anayeketi humo anadaiwa nini, na jibu lao ningeliandika katika mwongozo wa kozi, mahali pa alama za shajara.

MwalimuWaZiwa (Kisumu)

Ninawashukuru sana. Binti, nimewaandikia wenzetu wa Marekani kuhusu kalenda. Wamejibu kwamba muhula wao hauwaruhusu kuja baada ya Julai, nami nimewaambia kwamba basi mwaka ujao tutafanya kazi na wanafunzi wetu peke yao mwezi Septemba, na wageni washiriki kwa mtandao katika siku ambazo akina mama watazichagua. Ukalimani utapewa alama zake, na zamu za chai zitawahusu wavulana pia. Suala la deni nitalipeleka kwa kikundi kama ulivyolieleza, Kakamega, kwa sababu sioni kama nina haki ya kulijibu mimi.

Na ndiyo, mwenyekiti wa ufuo alikuwapo. Aliketi karibu na mlango tangu mwanzo hadi mwisho, kwa mwaliko wangu, na sikuliona hilo kuwa tatizo hadi uliponiuliza.