Paneli ya vigae ya Nuno Álvares Pereira: ya kale, ya kuchorwa upya au vya kuokoteza?

MgeniLisbon: Wakuu, habari za jioni. Nimenaswa na paneli ya Nuno Álvares Pereira, jemadari wa Ureno aliyewashinda Wakastilia wa Hispania pale Aljubarrota mwaka 1385. Yuko juu ya farasi, buluu juu ya nyeupe, vigae 48. Muuzaji anasema ni ya kale ila vigae vitano vimebadilishwa. Kwa bei hiyohiyo karakana inanichorea mpya kwa mkono. Au niokoteze kimoja kimoja Feira da Ladra, lile soko la vitu vikuukuu la Lisbon?

FundiChokaa: Uso utakudanganya, geuza uone mgongo. Vigae vya paneli za zamani huwa na herufi na namba nyuma, zimeandikwa kwa brashi ili fundi ajue kipi kinakaa wapi. Kisha kagua masalia ya ukuta yaliyogandia hapo. Chokaa na mchanga ni dalili njema. Ukikuta saruji, jua kilishabanduliwa na kubandikwa tena, na saruji haiachii bila kula pembe.

BintiMvita: Hivyo vitano viko sehemu gani? Kama ni uso au mkono wa upanga, umenunua deraya bila mwenyewe. Mimi niliwahi kuuziwa kipande, nikafika nyumbani nikaona goti na kwato havikutani. Mguu ulikuwa wa farasi mwingine!

MgeniLisbon: 😂 Vitatu mawingu, kimoja nyasi, kimoja mkia.

BintiMvita: Mkia si neno.

MzeeWaKauri: Karakana msizidharau. Sant'Anna ya Lisbon ipo tangu 1741 na mpaka leo wanachora kwa mkono. Mchoro hutobolewa matundu kwenye karatasi, unapigwa vumbi la mkaa juu ya glazi mbichi (ule utando wa kung'aa, kabla haujachomwa), ndipo brashi ipite. Glazi inainywa rangi papo hapo, hakuna kufuta. Jihadhari na zilizochapishwa: tazama kwa lenzi, ukiona vidoti, aga uondoke. Halafu mwambie mchoraji unamtaka Nuno yupi. Alimalizia maisha akiwa mtawa katika konventi ya Carmo aliyoijenga mwenyewe, na 2009 akatangazwa mtakatifu. Usije ukaagiza jemadari ukaletewa kanzu ya kitawa.

FundiChokaa: Feira da Ladra, Jumanne na Jumamosi, nenda kutembea tu. Kichwa cha jemadari kilicho peke yake mezani kimeacha pengo kwenye ukuta wa mtu. Polisi wa upelelezi wa Ureno wana mradi wa SOS Azulejo (azulejo ndiyo vigae hivi) tangu 2007, wanaweka mtandaoni picha za vilivyoibwa. Pita huko kabla hujatoa pesa. Na kama safari ya paneli ni Mombasa, ulizia kibali cha kuitoa nchini.

MgeniLisbon: Nimerudi dukani leo. Namba zinafuatana isipokuwa vile vitano, mgongoni chokaa tupu, na kwenye picha za vilivyoibwa haimo. Kapunguza bei kwa ajili ya mkia. Nimechukua. Sasa naibandika na gundi gani?

FundiChokaa: Gundi?! Weka kwenye fremu, ndugu yangu. Siku ukihama, ihame nawe.