Mjadala: Bwawa la Nyerere linatosha, au bado tuchanganye vyanzo vya umeme?

Kidume wa Rufiji: Wakuu, bwawa lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Jua la Kishapu na upepo wa nini tena? Maji tu, basi.

Mzee wa Mtera: Kijana, 2006 ulikuwa wapi? Mabwawa yalikauka, tukaishia kwenye Richmond, ile kampuni ya umeme wa dharura. Mvua haina mkataba na mtu.

Kidume wa Rufiji: Mzee na Richmond yako! Hiyo ilikuwa siasa.

Nguzo Mbovu: Chanzo si tatizo. Mwaka 2024 mitambo mingine ya maji ilizimwa kwa umeme kuzidi, mtaani giza. Transfoma moja inabeba mtaa mzima. Halafu wanaopiga kelele ni wenye saluni, ambao hawazalishi chochote.

Mama Draya: Hawazalishi?? Nguzo Mbovu, jina limekufaa. Juzi umeme umekata mteja ana rola kichwani, nusu imekauka, nusu inachuruzika, na harusi saa nane. Kodi ya fremu nalipa, LUKU nanunua. Wewe unazalisha nini zaidi ya maneno?

Nguzo Mbovu: Dada, sijakutaja.

Mama Draya: Dada yako yuko kwenu.

Kinyerezi Zamu ya Usiku: Turudi kwenye mada. Jua likibeba mzigo wa mchana, maji yanabaki bwawani kwa ajili ya jioni, watu wakiwasha kila kitu. Mvua ikigoma, gesi ya Mtwara inashika. Faida ya kuchanganya ndiyo hiyo.

Mangi Asiye na Stendi: Na sisi Kaskazini? Mpaka ikasemwa tununue wa Ethiopia kupitia Kenya, eti wa kwetu unapotea njiani.

Kidume wa Rufiji: Mangi mnapenda vya nje.

Mangi Asiye na Stendi: Rudia hiyo ukiwa Moshi.

Jirani wa Namanga: Huku Kenya tuna mvuke wa ardhini wa Olkaria, upepo wa Turkana, maji na jua. Agosti 2023 karibu nchi nzima ilizima, hadi uwanja wa ndege. Laini zikiwa mbovu, mtachanganya hewa.

Mzee wa Mtera: Jirani, karibu. Kwanza tuambie, kwenu saluni ni uzalishaji au si uzalishaji?

Jirani wa Namanga: Mke wangu anayo, mzee. Mimi sisemi kitu.

Mama Draya: Huyo ana akili.