Mrejesho: Kontroo boksi (kompyuta ya injini) imebadilishwa, silinda ya 3 imerudi

Wakuu, nilileta shida ya gari kutetemeka, silinda ya 3 haichomi hata baada ya kuweka plagi na koili mpya (koili ndiyo inayoipa plagi umeme wa cheche).

Mkuu uliyesema nipime kwanza waya wa koili, ahsante sana. Waya ulikuwa mzima hadi kwenye kontroo boksi, arthi safi, ila boksi lenyewe lilikuwa halitoi amri ya cheche kwa silinda hiyo. Fundi umeme akalifungua: transista moja (swichi ndogo ya umeme) imeungua, weusi unaonekana kwa macho. Koili ya zamani ilipiga shoti ndani, ikarudisha volti 12 kwenye waya wa ishara unaobeba takriban 5 tu. Bila koili mpya, boksi jingine lingekufa vilevile.

Nilipata boksi la mtumba kule mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, namba ya kwenye stika ileile, herufi kwa herufi. (Muuzaji alikuwa na jingine "linafanana kabisa", namba ya mwisho tofauti. Nikagoma.) Kufunga tu, gari ikawaka kidogo ikazima: imobilaiza (mfumo wa kuzuia wizi) haitambui funguo. Hapo ndipo wengi huuziwa boksi la tatu! Fundi akahamisha chipu ndogo ya kumbukumbu inayotunza utambulisho wa funguo, ile ya miguu 8, kutoka boksi la zamani. Funguo zote mbili zikakubali.

Sasa haitetemeki na taa ya injini imezima. Bado inakula mafuta kuliko zamani. Kinachofuata kupimwa ni sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi, maana petroli isiyoungua ilikuwa inapitia humo muda wote ule na inaweza kuwa imeiharibu.