Tupeane uzoefu: ushungi, buibui, abaya, niqabu. Vinavaliwaje, na vinasumbua wapi?

Mwenye mada: Wajuzi karibuni. Vipimo, namna ya kufunga, matunzo. Mjadala wa wajibu au si wajibu tuuache leo.

Fundi wa Ngamiani: Mtandio wa kawaida ni kama sm 180 kwa 70. Shifoni huteleza, kwa hiyo tangulia na kofia ya ndani ya pamba. Tanda kichwani, upande mmoja uwe mrefu mara mbili ya mwenzake. Bana chini ya kidevu, kisha ule mrefu uzungushe nyuma ya shingo uje ubanwe kwenye bega la pili. Pini mbili zatosha. Usichome palepale kila siku, shifoni itachanika. Mtandio wa jezi, kile kitambaa kinachovutika, hauna haja ya pini nyingi, ila ukiuanika kwa kuuning'iniza ukiwa umelowa chepechepe, unavutika upande. Ulaze.

Ukhty wa Kisauni: Abaya zinauzwa kwa inchi: 52, 54, 56, 58, 60. Pima kuanzia bega, juu kabisa, mpaka kifundo cha mguu, na uwe umevaa viatu unavyotembea navyo. Wengi hupima pekupeku, wakipanda kisigino miguu yote nje. Abaya za kitambaa cha nida zifueni kwa maji baridi, anikeni kivulini mkiwa mmezigeuza ndani nje. Pasi ya moto inaacha mng'ao usiotoka, maana nida ni poliesta.

Mjukuu wa Mji Mkongwe: Msisahau buibui la mkaja la bibi zetu. Halina mikono wala vifungo. Ni kitambaa cheusi kipana chenye ukanda wa kufunga kichwani. Kinachobaki juu unakiacha nyuma au unakivuta usoni. Mkono mmoja lazima ushike nguo, ukiwa na kapu la sokoni ni kazi kwelikweli.

Mwenye mada: Na niqabu, kile kitambaa cha kufunika uso, kwa mwenye miwani?

Ukhty wa Kisauni: Vaa miwani juu ya kitambaa, pumzi isipande kwenye vioo. Kamba ifungwe juu ya ule mfupa wa kisogoni. Ukifunga chini yake, niqabu inashuka kila ukigeuza shingo. Ya tabaka mbili au tatu ni nzuri, la juu unalishusha machoni ukitaka.

Fundi wa Ngamiani: Niongeze, watu wanaichanganya niqabu na burka. Burka ya Afghanistan ni vazi zima, kofia yake imeshonewa humohumo na machoni pana wavu. Chador ya Iran ni nusu duara, uso wazi, haina kifungo, inashikwa kwa mkono. Barakoa ya Oman nayo ni kinyago kigumu chenye kijiti puani. Zile zinazotiwa nili huchuja rangi usoni, hasa ukitoka jasho.

Mjukuu wa Mji Mkongwe: Anayejitanda kanga: kanga mpya ina wanga, haikai kichwani. Ifue kwanza, peke yake, inachuja.