Ndeke ya tumbo nyekundu chini ya muembe wetu, nifanye aje papa aione?

MamaBelair
Yambo bandugu. Niko huku Lubumbashi, Bel-Air, naomba mashauri ya haraka. Siku ya tatu mvua ya kwanza ya nguvu ilinyesha usiku, asubui saa kumi na mbili niko nawasha mbabula nyuma ya nyumba, nikaona ndeke moja chini ya muembe, ndogo kuliko njiwa, mukia mufupi kama vile ulikatwa, mugongo rangi ya mayani, uso mweusi, na huku chini ya tumbo nyekundu kabisa. Inageuza yani moja na mudomo, inasimama kimya, inageuza lingine. Nikaita papa, mbele afike ilisharuka. Jana nikaiona tena mbio tu, mabawa inang'aa bulu.
Papa iko na miaka 78. Zamani alikuwa anachoma makala barabara ya Kasenga, anasema aliionaka mara moja tu mu pori, na ile pori leo haiko tena. Miguu yake inamusumbua, hawezi kuenda mbali. Nataka aione hapa hapa.

KijanaGolf
Si turako mama? Huku Golf inakuyaka, mabawa nyekundu

MamaBelair
Apana, turako naijua, ile inakimbiaka juu ya matawi na kula matunda. Hii iko chini.

Mwl_Ndege
Mama, kwa hiyo tumbo, huo mkia na namna ya kugeuza majani, hiyo ni pita, Pitta angolensis. Umebahatika sana, mimi nimeitafuta miaka na sijaiona! Huyu ndege anatoka misitu ya kaskazini mvua ikianza, anashuka kuzaa Zambia, Zimbabwe, Msumbiji, Tanzania, na anasafiri usiku, ndiyo maana taa zinamvuta na mara nyingine watu wanamkuta amegonga dirisha au ameingia ndani ya nyumba. Usiku ule mliacha balbi ya nje?

MamaBelair
Ndiyo!! Tuliwasha ju ya kukamata inswa (kumbikumbi).

Mwl_Ndege
Basi huenda ndiyo iliyomshusha. Sasa zimeni, na usimfuate kabisa, ukimfuata anakaa kimya kwenye kivuli na utampita hatua mbili bila kumwona. Mweke papa ndani, dirisha linaloangalia muembe, kabla jua halijatoka, na jioni tena. Masikio kwanza: majani yakichakarika halafu kimya, halafu yakichakarika, ndiye.

Wa_Katuba
Na mwambie anayefagia parseli aache kabisa ile pande ya muembe, sisi wote tunafagia mayani asubui na kuchoma, sasa ndeke itakula nini? Siafu, muchwa, konokono, yote iko chini ya mayani. Paka ufungie ndani. Na batoto ba jirani benye kutupaka majiwe, wasemeshe nao polepole

KijanaGolf
Asipigishe sauti yake ku telefone ije?

Mwl_Ndege
Hapana. Xeno-canto, tovuti ya sauti za ndege, iko na sauti zake, sikiliza ndani ya nyumba uizoee, lakini usimpigishie nje, atahangaika bure na yuko safarini anahitaji kula.

MamaBelair
Bandugu nimerudi. Siku mbili hatukuona kitu, papa na blanketi yake ku dirisha ya jikoni, nikaanza kumuonea huruma. Leo saa kumi na mbili kasoro tukasikia mayani. Papa akanikamata mukono na akaufinya, akaonyesha na kidevu, na mi sikuona kitu mpaka ilipogeuka na tumbo ikaonekana. Ilitoa mu muchanga nyungunyungu murefu, ikaumeza, ikaruka hatua tatu mu kivuli. Papa anasema njo yenyewe, na anasema ile ya mu pori ilikuwa pia chini ya muti, siku ya mvua. Foto imetoka nyeusi, inaonekana kidoti nyekundu tu, nitaiweka vile vile. Balbi nimetoa kabisa.

Mwl_Ndege
Weka mama, hata kidoti. Andika na saa na tarehe.