Re: Ana grini kadi, kesi ya wizi dukani, anaambiwa akiri

> Mdogo wangu ana grini kadi. Kakamatwa kwa wizi dukani. Wakili aliyepewa na mahakama anasema akiri, atahukumiwa miezi 12 lakini kifungo kitaahirishwa, jioni analala kwake. Asaini?

Dada, pole sana. Asisaini kwanza. Hiyo "miezi 12" ndiyo yenye hatari.

Tangu sheria ya uhamiaji ya Marekani ibadilishwe mwaka 1996, wizi ukihukumiwa kifungo cha mwaka 1 unaingia kwenye kundi la makosa mazito kabisa. Zamani ilikuwa miaka 5. Kinachoangaliwa ni miezi aliyotamka hakimu, hata kama mtu hakulala jela usiku mmoja. Akifikishwa mbele ya jaji wa uhamiaji, ule msamaha wa wenye grini kadi, ambao unapima miaka aliyoishi huku, kazi yake na watoto wake, anakuwa hana haki hata ya kuuomba. Mimi hilo naliona ni dhuluma. Hakimu wa jinai kaona kosa halistahili jela, halafu karatasi ileile inamfukuza mtu nchini.

Wakili aombe siku 364. Ndiyo, siku moja tu pungufu! California mwaka 2015 na New York mwaka 2019 zilishusha kikomo cha adhabu ya makosa madogo hadi siku 364 kwa sababu hiyohiyo. Pasipo na sheria kama hiyo inabidi mpiganie wenyewe.

Na huyo wakili ana wajibu wa kuwaeleza. José Padilla, mzaliwa wa Honduras aliyepigana Vietnam upande wa Marekani, aliambiwa na wakili wake asijali, kakaa miaka mingi. Akakiri, akajikuta anakabiliwa na kufukuzwa. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikasema wakili lazima amwambie mteja hatari ya namna hiyo kabla hajakiri. Mwulizeni kwa maandishi, na awasiliane na wakili wa uhamiaji. Ofisi nyingi za mawakili wa bure kwenye miji mikubwa wanaye. Fanyeni sasa, maana mahakama ya uhamiaji serikali haikulipii wakili.

Siku 364 hazimalizi yote. Wizi bado unaweza kumletea shida, hasa kama hajatimiza miaka 5 tangu aingie. Na asikate tiketi ya kwenda nyumbani hata kama kuna msiba. Anaweza kuzuiwa uwanjani akirudi.

Nitumie pembeni namba ya kifungu alichoshtakiwa nacho na jimbo. Jina lake usiliandike hapa.